Mhandisi anayeiamuru mashine kuchonga ndege

WENGI wetu tunapopanda ndege humfikiria rubani, na pengine fundi anayeikagua kabla haijaruka. Ni nadra abiria kumkumbuka mtu mwingine ambaye usalama wa safari unamtegemea vilevile. Huyo ni mhandisi wa utengenezaji kwa msaada wa kompyuta, ambaye huandaa maagizo yanayoiongoza mashine kuchonga vipande vya ndege.

Kazi yake ni tofauti na ile ya msanifu. Msanifu huamua kipande kiwe na umbo gani, unene gani na uimara gani. Mhandisi tunayemzungumzia hupokea mchoro huo ukiwa ndani ya kompyuta, kisha huamua jinsi ya kukipata kipande hicho kutoka katika pande la metali. Je, pande libanwe vipi? Uanze kuchongwa upande upi? Kisu gani kitumike, kizunguke kwa kasi gani na kipite njia ipi? Programu humsaidia kukokotoa njia hiyo, na programu nyingine huigeuza kuwa maagizo ambayo mashine husika inayaelewa.

Fani hii ilizaliwa katika sekta ya anga yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons wa jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo lake la mviringo liliwasumbua mafundi waliopima na kukata kwa mkono, naye akawaza kuiongoza mashine kwa tarakimu. Jeshi la Anga la Marekani liligharimia wazo hilo kuanzia mwaka 1949, na mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT walionyesha mashine ya kuchonga iliyopokea maagizo kutoka katika ukanda wa karatasi wenye matundu. Mwaka 1959 chuo hicho kilitangaza lugha ya kompyuta ya kuandikia maagizo hayo, na waandishi wa habari wakapewa visahani vya majivu ya sigara vya alumini vilivyochongwa kwa njia hiyo.

Tangu hapo viwanda vya ndege havikurudi nyuma. Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza Juni 12, 1994, ilisanifiwa yote kwa kompyuta.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kompyuta inakokotoa na mashine inachonga, mhandisi ni wa nini?

Jibu limo katika tabia ya metali zenyewe. Ndege inatakiwa iwe nyepesi, hivyo vipande vyake vingi huchongwa hadi vikabaki na kuta nyembamba sana. Si jambo la ajabu asilimia 90 ya pande la alumini ikaishia kuwa chenga sakafuni. Ukuta mwembamba hutetemeka kisu kinapoupitia, na kipande kikifunguliwa kwenye vibanio huweza kupinda chenyewe kutokana na mikazo iliyokuwa imefungwa ndani ya metali. Mhandisi hulazimika kuyaona hayo mapema na kupanga hatua za kuchonga ili mikazo ilegee kidogo kidogo, huku vipimo vikibaki ndani ya tofauti ndogo kuliko unene wa unywele.

Titaniamu ni ngumu zaidi kuichonga. Ni metali imara na nyepesi, na katika Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, inakadiriwa kuwa asilimia 15 ya uzito wa umbo la ndege. Lakini titaniamu haipitishi joto vizuri. Joto la kukata hubaki pale pale kisu kinapogusa, likaua kisu au, vibaya zaidi, likabadili metali yenyewe bila jicho kuona.

Madhara ya jambo hilo yalionekana Julai 6, 1996 mjini Pensacola, Florida. Ndege ya Delta aina ya MD-88 ilikuwa ikikimbia ili iruke pale kitovu cha feni ya injini ya kushoto, kilichotengenezwa kwa titaniamu, kilipopasuka. Vipande vyake vilipenya ndani ya ndege na kuua abiria wawili. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waligundua kuwa ufa ulianzia katika tundu moja la kitovu hicho, ambako metali iliharibika wakati wa kutobolewa kiwandani. Miaka ilipita, ufa ukakua, na ukaguzi wa shirika la ndege haukuuona.

Tundu lile lilikuwa na umbo lililotakiwa. Tatizo lilikuwa namna lilivyotobolewa. Ndiyo maana katika sekta hii kiwanda hakiruhusiwi kubadili kiholela kasi, kisu au kimiminika cha kupozea baada ya utaratibu kuidhinishwa, hata kama mabadiliko hayo yanaokoa dakika chache.

Hasara nyingine hutokea pale kompyuta zenyewe zisipoelewana. Mwaka 2006 kampuni ya Airbus ililazimika kuchelewesha ndege yake kubwa ya A380, yenye nyaya za urefu wa takriban kilomita 530. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, na wale wa Toulouse, Ufaransa, walikuwa wakitumia matoleo tofauti ya programu ya usanifu iitwayo CATIA. Matokeo yake, baadhi ya nyaya hazikutoshea zilipofika kwenye ndege. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007, ikiwa imechelewa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa kijana anayeitamani kazi hii, hesabu za maumbo na fizikia ni msingi, lakini hazitoshi. Wahandisi bora ni wale waliowahi kusimama karakanani, wakasikia mlio wa kisu kinachoanza kutetemeka na kuona rangi ya chenga zinazotoka. Barani Afrika, viwanda vya vipande vya ndege vipo Morocco na Afrika Kusini, hivyo si kazi ya Ulaya na Marekani peke yake.

Zaidi ya yote, inahitaji uaminifu. Kosa la mhandisi huyu huweza kufichwa ndani ya metali na kupita mbele ya wakaguzi kwa miaka mingi. Anayejua kwamba kisu kilivunjika ndani ya tundu ni aliyekuwepo siku hiyo, na asiposema yeye, hakuna mwingine atakayesema.