Pima Kwanza, Nyundo Baadaye

Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura na kufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ni nyembamba. Humo hupita malori, baiskeli zilizobeba mawese, pikipiki, na Toyota Probox zilizojaa watu. Nchini Burundi watu huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi tuliyo nayo yana usukani kulia, maana yaliundwa kwa barabara za Japani. Dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kutoa nje karibu gari lake zima ndipo aone kinachokuja. Magari yakikutana uso kwa uso, mara nyingi kona ya kushoto ndiyo inayobondeka, na huko ndiko abiria wa mbele amekaa.

Magari hayo hatimaye huletwa nyumbani kwa fundi, awe wa kijijini au wa mjini Rumonge, penye jeki, mnyororo na mashine ya kuchomelea. Kazi hiyo inaweza kufanyika vizuri uani, ila kwa sharti moja: fundi ashughulikie mifupa ya gari kabla ya ngozi yake.

Probox, kama magari mengi madogo ya leo, haina chasi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Chini ya boneti kuna mihimili miwili, kushoto na kulia, inayobeba injini na kupokea kishindo. Imeundwa ijikunje gari linapogonga, ili nguvu iishie pale isimfikie mtu. Wazo hilo ni la mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz, aliyeliombea hataza mwaka 1951. Gari la kwanza kuundwa hivyo kiwandani lilitoka mwaka 1959.

Kwa hiyo usianze na nyundo. Toa bampa, taa na rejeta, kisha chukua futi. Pima mshazari kutoka boliti ya juu ya shokamzoba ya kushoto hadi alama ya upande wa kulia kule mbele, kisha upime kinyume chake. Pima pia umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya milimita 3 hivi, huenda bodi imepinda hata kama jicho halioni. Mlango unaogoma kufungika na mikunjo kwenye sakafu ni ushahidi mwingine.

Kuvuta kuna utaratibu: pigo la mwisho ndilo linalotangulia kurudishwa. Fungia gari kwenye kingo za chini za milango kwa vibanio imara, vuta polepole, gonga taratibu palipokunjika ili chuma kilegee, legeza, kisha upime tena. Funika mnyororo kwa turubai zito, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wake. Ukikatika, unaua.

Kosa kubwa la gereji zetu ni moto. Mhimili wa chuma kigumu ukipashwa hadi uwe mwekundu hunyooka kwa urahisi, lakini hupoteza nguvu yake, na ajali ijayo utakunjika mapema kuliko ulivyokusudiwa. Uliokunjika vibaya ukatwe na kubadilishwa mahali palipoelekezwa na kiwanda. Mabati ya bodi nayo ni membamba, chini ya milimita moja, na mashine ya vijiti huyatoboa. Mashine ya waya na gesi ndiyo inayofaa. Kabla ya kuchomelea, toa betri, ondoa tangi la mafuta, na peleka mbali madumu ya petroli ambayo uhaba wa mafuta umewazoesha watu kuyaweka nyumbani. Gari lililobeba mawese lioshwe kwa sabuni hadi grisi iishe, kwani mafuta huwaka, na rangi haishiki juu yake.

Mifuko ya hewa nayo isichezewe. Toa nyaya za betri, na kwa Toyota subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani. Mfuko uliofumuka haushonwi, na mkanda uliojikaza kwa baruti haurudi kazini. Vyote hubadilishwa.

Mastiki ije mwisho, iwe nyembamba. Hunyonya maji, na hewa ya ziwani ina unyevu, hivyo usiilaze wazi usiku kucha bila rangi ya msingi. Rangi nyingi za vijenzi viwili zina isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia fundi pumu ya maisha, na kitambaa puani hakiizuii. Asiye na barakoa inayoletewa hewa safi apeleke gari kwa mwenye vifaa.

Boneti, milango, bampa na mabati ya pembeni ni kazi halali ya uani. Mhimili uliopinda kidogo unahitaji fundi mwenye vipimo na subira. Lakini nguzo za milango zikisogea, au sakafu ikikunjika chini ya viti, gari hilo lisirudi kubeba watu, liuzwe kama vipuri. Nawe mwenye gari, kabla ya kulipa, mwambie fundi apime mishazari mbele yako na akuoneshe mhimili ukiwa bado haujapakwa rangi. Fundi mwema hatachukia.