Mwanafunzi wa zamani akirudi, anaacha nini?



Mara nyingi mtu aliyemaliza masomo yetu anarudi kututembelea. Tunamupigia makofi, anatuambia tutie nguvu, kisha anapanda motokari. Wiki moja ikipita, maneno yake yamesahauliwa. Leo tunataka kueleza namna ingine ya kurudi, na ndani ya habari hii mutaona hata vitu vya Kasai yetu.

Kule Marekani, katika jimbo la Virginia, kuna universite ya Hampton. Ilianzishwa mwaka 1868, miaka tatu kisha vita iliyomaliza utumwa, juu ya kufundisha watu weusi waliowekwa huru. Shirika la wamisionere Waprotestanti liliisaidia kusimama.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa William Sheppard, mtu mweusi. Alifika Kongo mwaka 1890 kama misionere wa Wapresbiteriani, na mwaka 1891 yeye na mwenzake wakaanza misioni ya Luebo. Ni yeye aliyehesabu mikono 81 iliyokatwa, mwaka 1899, wakati wa taabu ya mpira. Kwa Bakuba alikusanya vikombe vya miti vyenye kuchongwa, visu na vitambaa vya rafia. Mwaka 1911 Hampton ikapata mkusanyo ule, ikauweka katika nyumba yake ya makumbusho.

Miaka 30 ikapita. Mwaka 1941 kijana John Biggers akaingia Hampton na nia ya kujifunza kazi ya mabomba ya maji. Lakini akaingia vilevile katika kalasi ya Viktor Lowenfeld, mwalimu Myahudi aliyekimbia Austria. Mwalimu huyu alifundisha ya kama mchoraji aanze na maisha ya watu wake mwenyewe, tena aliwaonyesha wanafunzi vitu vya Afrika vilivyokuwa pale pale masomoni. Biggers akaacha mabomba, akashika kazi ya kuchora.

Mwaka 1949 alianzisha idara ya sanaa katika universite ingine ya weusi, Texas Southern, mjini Houston. Pale wafinalisti wake walipashwa kuchora picha kubwa ukutani mbele ya kumaliza. Mwaka 1957 alitembea Afrika ya Magharibi, akaona kwa macho yake mwenyewe.

Kisha, mwanzo wa miaka ya 1990, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60, alirudi Hampton. Hakuleta maneno tu. Alichora picha mbili kubwa kwenye kuta za biblioteka mpya: House of the Turtle, ni kusema Nyumba ya Kobe, na Tree House, ni kusema Nyumba ya Mti. Biggers alikufa mwaka 2001, lakini mwanafunzi hakuhitaji kumusikia kwa masikio. Kazi yake ilibaki ukutani, na inamufundisha.

Tunajifunza nini? Kwanza, anayerudi na kazi ya mikono yake anasaidia kuliko anayerudi na sifa yake. Pili, na hii inatugusa sana: wengi kati yetu tunaita vikombe na masanamu ya wazee wetu vitu vya kishenzi, tunafikiri Mkristo anapashwa kuvitupa. Lakini misionere Mprotestanti aliona ndani yake akili na ufundi, akavichunga. Vitoto vya watumwa vikajifunza kwa vitu vile, na sisi wenyewe, wenye inchi, hatujui hata majina yake!

Basi tunaomba wakubwa wetu: waliomaliza wenye kujua kuchora, kuchonga, kufuma ao kuimba waitwe, lakini si kwa makofi tu. Wafanye kazi mbele yetu siku mbili ao tatu, na sisi tushike vyombo pamoja nao. Tena wakati wa likizo, kila mmoja aulize nyumbani nani angali anajua kuchonga na kufuma, aandike jina la kitu na namna ya kukitengeneza.

Ukuta wa chumba chetu cha kula ungali mtupu. Mutuletee maoni yenu.