Lugha ya Tahadhari ya Mafuriko Katika Busia

Tangazo la mafuriko ni sehemu ya kinga ya afya, na ubora wake hupimwa kwa kile atakachotenda msikilizaji. "Utabiri" wenyewe ni neno lenye mzigo, kwani kutabiri ni kazi ya mpiga ramli pia. Lakini neno lipotoshalo zaidi ni "mvua". Mkazi wa Mundika, karibu na mji wa Busia, akitangaziwa mvua kubwa, huiona ikimnyeshea. Sivyo Bunyala, kusini mwa kaunti hiyo hiyo. Mto Nzoia hutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukaingia Ziwa Viktoria hapo. Basi mafuriko, kama yale ya mwaka 2020, yaweza kufika jua likiwaka. Msikilizaji hutazama mbingu, akarudi shambani. Heri aambiwe wazi: mto unajaa, hamisheni watoto leo, vyoo vikifurika kipindupindu chaweza kufuata, kwa hiyo chemsheni maji ya kunywa. Tena aambiwe kwa Kinyala. Kikhayo cha Mundika ni jamaa yake. Kiteso cha Malaba, kisicho cha Kibantu, chahitaji mfasiri wake chenyewe.