Dalili za Mwanzo za Maradhi ya Akili

Wanachama wetu, mwezi wa Agosti baadhi yetu tulisafiri mpaka Dodoma kwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, katika viwanja vya Nzuguni. Habari za mbegu na mashine tulizoziona huko zitafuata. Leo tunaandika jambo jingine tulilorudi nalo, ambalo halimo katika kilimo lakini limo katika nyumba za wakulima.

Siku ya pili tulikaa kivulini na mkulima mmoja wa zabibu, mtu wa makamo, tukizungumza bei. Mmoja wetu akafanya mzaha juu ya mnunuzi fulani, akasema huyo wa kupelekwa Mirembe. Yule bwana hakucheka. Alituambia kwa upole kwamba mdogo wake alitibiwa hapo Mirembe. Tuliona haya, kwani huku kwetu nasi huwatania watu kwa jina la Kidongo Chekundu kila siku, bila ya kufikiri nani anasikiliza.

Hospitali ya Mirembe ilijengwa wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1920, na jirani yake pana Isanga, wanakowekwa wale waliovunja sheria hali ya kuwa wagonjwa wa akili. Ilipofunguliwa hapakuwa na dawa ya kuzinyamazisha sauti anazozisikia mgonjwa. Kilichokuwapo ni kuta na uangalizi tu. Dawa ya klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa hao Ufaransa mwaka 1952, na toka hapo mambo yakabadilika dunia nzima. Baada ya uhuru, wagonjwa waliopata nafuu waliwekewa kijiji cha kilimo huko Hombolo, karibu na Dodoma, wakawa wanalima na kurudia maisha ya watu. Lakini sifa ya zamani ya kuta haikuondoka vinywani mwa watu, na ndiyo inayowafanya jamaa wachelewe.

Mdogo wake yule bwana alikuwa na miaka ishirini na kitu. Kwanza usingizi ulimpotea, akawa anatembea usiku. Kisha akaacha kukaa na wenziwe, akaacha kukoga, naye alikuwa kijana wa kupenda nguo safi. Kazi ya kupogoa mizabibu aliyoijua vizuri akaiacha nusu. Baadaye akasema redio ya jirani inamtaja yeye, na akakataa chakula cha mkono wa mama yake kwa kuogopa sumu. Nyumbani walisema ni uvivu, kisha bangi, kisha husuda. Mwaka mzima ukapita. Siku aliyotia moto ghala ya mtama ndipo walipomfunga kamba wakampeleka. Yule bwana alisema hasikitikii ghala. Anasikitikia mwaka ule.

Basi hilo ndilo tunalotaka wanachama walishike. Maradhi haya hayaanzi siku mtu anapovua nguo sokoni. Mkarafuu unapougua, majani ya kileleni hupungua kwanza, na mwenye shamba aliyezoea kuutazama huona kabla ya mpita njia. Vivyo hivyo kwa mtu: usimpime kwa jirani yake, mpime kwa alivyokuwa yeye mwenyewe mwaka jana. Aliyekuwa mkimya toka utoto si mgonjwa kwa ukimya wake. Lakini msemaji aliyenyamaza wiki nyingi, au mtaratibu aliyeanza ghafla kusema bila ya kituo, halali wala hachoki, anagawa fedha zote za karafuu na kuahidi kununua meli, huyo atazamwe. Maradhi makubwa ya namna hii mara nyingi huanza katika ujana, na mzee asidanganyike kuwa ni utundu wa skuli.

Yako pia maradhi yasiyo na kelele, nayo tunayadharau zaidi. Mtu huzuni humkaa majuma kadha wa kadha, chakula hakipiti, huamka alfajiri mapema na moyo mzito, analalamika kichwa na mgongo na daktari haoni kitu, karafuu zake zimepevuka mtini naye hana habari nazo. Akianza kusema kwamba angekufa watu wangepumzika, msimkaripie kwa kumwambia hana imani. Aulizwe kwa upole kama anafikiri kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, na kamba za kuchumia na dawa za wadudu ziondolewe karibu naye, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kina mama waliojifungua waangaliwe hasa katika wiki za mwanzo. Mzazi asiyepata usingizi hata mtoto akiwa amelala, anayemwogopa mwanawe au kusema si wake, asiambiwe kwamba anadeka. Hiyo ni hali ya hatari kwa wote wawili, na hutibika. Na yeyote anayechanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, asipelekwe kwa mtu yeyote ila daktari, upesi, kwani huenda ikawa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Na mwenye kisukari huenda sukari yake imeshuka.

Tunajua mtauliza habari za pepo. Hatuandiki kumvunjia mtu itikadi yake, na dua ni dua, isomwe. Lakini Waislamu wa zamani walisoma dua na wakajenga hospitali: ile ya Sultani Qalawun huko Cairo, ya karne ya 13, ilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wengine. Tunachokikataa ni kumfunga mtu minyororo, kumpiga na kumnyima chakula kwa jina la tiba. Hayo tumeyaona katika visiwa hivi, na hayajamponya mtu.

Mwenye wasiwasi juu ya jamaa yake aanze na kituo cha afya kilicho karibu. Aende na mtu anayekaa naye nyumba moja, aeleze lini usingizi ulipotea, lini kazi iliachwa, maneno gani yalisemwa, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hujiona mzima. Kutoka hapo ataelekezwa Kidongo Chekundu ikihitajika.

Jambo la mwisho ni la wenye mashamba. Baadhi ya dawa hizi huleta usingizi na kizunguzungu, hasa mwanzoni. Mchumaji anayezitumia asipandishwe mtini mpaka daktari aseme. Apewe kazi ya kuchambua, kuanika au kupima, kwa ujira wake kamili, wala asikatazwe dawa ili apande. Yule kijana wa Dodoma, kaka yake alituambia, msimu huu ndiye aliyepogoa safu zote.