Tairi za Bei Rahisi: Madereva Wasemavyo

Wewe mkulima uliye na pikapu, au uliyeungana na jirani zako wawili watatu mkanunua moja, unajua ya kuwa baada ya mafuta hakuna kitu kinachokula fedha za gari kama tairi. Na wakati wa kuzinunua haungoji upate fedha. Hufika katikati ya mvua, viazi vimechimbwa, karo ya shule inadaiwa, na tairi mbili za nyuma zimekuwa kipara. Ndipo mtu huingia dukani na kuuliza swali moja tu: "Ya bei ya chini kabisa ni gani?"

Swali hilo si baya. Wengi wetu hatuwezi kununua tairi za majina makubwa, na si lazima. Lakini liko swali la pili na la tatu ambayo hayaulizwi, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Katika ofisi yetu ya kilimo hupita madereva wengi: wanaochukua maziwa alfajiri, wanaopeleka viazi na kabichi Nairobi, na wenye lori za mbolea. Wanaposubiri karatasi zao nimewauliza habari za tairi za bei rahisi, nami nimeyalinganisha maneno yao na mambo yanayojulikana juu ya kazi ya tairi. Utaona kwamba hawasemi jambo moja.

Kwa miaka mingi palikuwa na kiwanda Nairobi kilichotengeneza tairi, kwanza kwa jina la Firestone, baadaye kwa jina la Yana. Wazee waliopewa mashamba ya settlement wanayakumbuka majina hayo vizuri. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2016. Tangu hapo tairi mpya unazoziona dukani zimevuka bahari, nyingi zimetoka China na India, na majina yake ni mengi hata muuza duka mwenyewe huyachanganya. Kwa hiyo jina peke yake halikusaidii sana. Inakupasa kujua kusoma ubavu wa tairi.

Kwanza sikiliza habari njema. Dereva mmoja wa maziwa, ambaye njia yake ni ya murram na mawe mwanzo hadi mwisho, aliniambia kwamba amevaa tairi mpya za bei rahisi kwa miaka miwili, na jina lake mpaka leo hawezi kulitamka. Zimepata pancha kama tairi nyingine yoyote, lakini hazikupasuka wala kuvimba ubavu. Huyu huenda polepole, mzigo wake ni mitungi ya maziwa isiyozidi nguvu ya gari, na kila asubuhi hupima upepo. Wengine watatu walisema vivyo hivyo. Basi kwa mwendo mdogo, juu ya njia kavu, tairi mpya ya bei rahisi inafanya kazi yake.

Mambo hubadilika kwenye lami yenye maji. Dereva wa viazi anayetoka Njabini akashika njia kuu pale Flyover anaijua sehemu ya Kinale na Lari: ukungu, manyunyu, na malori yanayosimama ghafula. Mmoja wao aliniambia kwamba alikanyaga breki mapema kama alivyozoea, gurudumu likafunga, na gari likaendelea kwenda kama sahani yenye sabuni. Aliponea mtaroni. Yeye hakuumia, ila nusu ya viazi ilimwagika, na iliyobaki ilifika sokoni jioni, wanunuzi wamekwisha ondoka. Tairi zake hazikuwa kuukuu. Zilikuwa mpya za miezi minne, na mistari yake ilikuwa mirefu bado.

Ilikuwaje? Sehemu ya tairi inayogusa barabara si kubwa kuliko kiganja cha mkono wako. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyolishika gari lote na mzigo wake. Mistari ya tairi kazi yake ni kuyatoa maji pembeni, lakini kushika lami yenyewe ni kazi ya mpira, na mpira hauko wa namna moja. Huchanganywa na vitu vingi, kama vile unga wa silika unaosaidia kushika barabara yenye maji, na mchanganyiko mzuri una gharama. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya chini aghalabu hupunguza hapo, kwa sababu mnunuzi hawezi kuona kwa macho. Kwa jicho tairi mbili ni sawa, nyeusi zote.

Huko Ujerumani chama cha wenye magari kiitwacho ADAC hupima tairi za kiangazi kila mwaka, za bei kubwa na za bei ndogo. Jambo linalorudi mara kwa mara katika vipimo hivyo ni kwamba tairi nyingi za bei ndogo huenda vizuri kwenye lami kavu, lakini kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama. Tofauti huweza kufika urefu wa magari mawili au zaidi. Fikiria urefu wa magari mawili mbele yako pale Kinale, uone ni nani aliyesimama hapo.

Labda utauliza, tairi za kiangazi zinatuhusu nini sisi tusio na theluji? Zinatuhusu, kwa kuwa tairi za kawaida tunazovaa hapa ndizo hizo. Watu wa nchi za baridi wana tairi za namna mbili. Za kiangazi zina mpira mgumu kiasi, unaofaa lami ya joto. Za baridi zina mpira laini, usiokakamaa joto likipungua chini ya digrii 7. Magari mengi yaliyotumika tunayoyanunua hutoka Japani, ambako kuna theluji nyingi kaskazini, na mengine hufika yakiwa yamevaa tairi za baridi. Fundi huzivua, naye mtu huziuza kama mtumba. Mnunuzi huzifurahia kwa kuwa mistari yake ni mirefu. Lakini juu ya lami yetu yenye jua mpira huo laini huisha upesi kama sabuni, na gari huyumbayumba kwenye kona.

Kuzitambua si kazi. Tazama ubavuni kama pana alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, au neno STUDLESS. Tena utaona uso wa tairi una mikato mingi midogo, myembamba kama ya wembe. Herufi M+S peke yake isikutishe. Tairi nyingi nzuri za pikapu za njia mbovu zinayo.

Sasa tuje kwenye namba za uzito, ambazo naona ndizo za kwanza kwa mkulima kuliko hata jina. Ubavuni mwa tairi ya pikapu utasoma, kwa mfano, 195R14C, na karibu yake 106/104. Herufi C maana yake ni tairi ya gari la kazi. Namba 106 si kilo; ni namba ya orodha, na maana yake ni kwamba tairi moja yaweza kubeba kilo 950. Namba 104, yaani kilo 900, ni ya gari lenye magurudumu mawili mawili kila upande nyuma. Tairi ya gari dogo la abiria, mathalani 195/70R14, huwa na namba 91, yaani kilo 615. Yote mawili yaanza na 195, na rimu ni ya inchi 14, nayo ya pili ni ya bei ya chini. Ndiyo sababu mtu huambiwa, "Hii pia itaingia." Itaingia kweli.

Fanya hesabu hii pamoja na mtoto wako wa shule. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu ina uzito wa kilo 600. Umepakia magunia 20 ya viazi, kila moja kilo 50 kama sheria ya viazi ya mwaka 2019 inavyotaka. Hizo ni kilo 1,000, na karibu zote hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Jumla ni 1,600. Tairi mbili za namba 91 zinabeba 1,230. Umezidisha kilo 370 kabla hujapanda wewe na kijana wa kupakua. Tairi mbili za namba 106 zinabeba 1,900, nazo zinatosha. Lakini wale wanaopakia magunia 30 wapige hesabu tena: 600 na 1,500 ni 2,100, na hapo hata tairi ya C imeshindwa, iwe ya jina kubwa au dogo. Madereva wengi walioniambia "tairi za rahisi hupasuka" walikuwa wamefanya mojawapo ya mambo haya mawili. Sisemi kwamba tairi mbovu hazipo. Nasema nyingine zimesingiziwa.

Tena kilo hizo 950 hazipatikani bure. Zinataka upepo ulioandikwa ubavuni, ambao kwa tairi nyingi za 195R14C za tabaka 8 ni pauni 65. Dereva aliyezoea kujaza pauni 35 kama gari la abiria huiacha tairi ijikunje kila inapozunguka, ipate moto ndani, mpira uachane na nyuzi. Na wakati wa mvua huku kwetu kuna desturi ya kupunguza upepo ili gari litoke matopeni. Desturi hiyo ina sababu yake, na wakati mwingine hakuna njia nyingine, ila baadhi ya watu hufika kwenye lami wakaendelea hivyo hivyo mpaka Nairobi. Chukua pampu garini. Pima upepo asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kuipiga teke.

Mtumba ndio uliozua ubishi mwingi pale ofisini. Wengine husema afadhali tairi iliyotumika ya jina kubwa kuliko mpya ya jina lisilojulikana. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu hujui tairi hiyo ilipita wapi: labda iligonga ukingo wa barabara ikakatika nyuzi ndani, labda ilikwenda bila upepo. Ikipakwa rangi nyeusi hung'aa kuliko mpya. Mbaya zaidi ni ile kipara iliyochongwa mistari upya kwa kisu cha moto. Mpira uliobaki kati ya mstari na nyuzi huwa mwembamba mno, na jiwe moja la murram hulimaliza jambo.

Umri pia ni wa kusomwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mpaka namba nne za mwisho. Kama ni 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba hizi ziko ubavu mmoja tu, basi ikiwa hazionekani geuza tairi upande wa pili. Watengenezaji wengi hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikisha pita miaka 5, na isipite miaka 10 hata kama mistari ni mirefu. Tairi ya spea nayo huzeeka hapo chini inaponing'inia, wala hakuna anayeikumbuka.

Mistari ikiisha utaona vijituta vidogo ndani yake vimelingana na uso wa tairi. Hapo imebaki milimita 1.6. Kwa mvua zetu usingoje mpaka hapo. Chukua kijiti cha kiberiti, utie alama kwa rula ya mtoto kwenye milimita 3, ukitumbukize mstarini. Alama ikionekana juu, anza kutafuta fedha.

Ukiweza kununua mbili tu, zitie nyuma. Najua karibu kila fundi atazitia mbele, na madereva kadhaa walinicheka niliposema hivi. Lakini tairi za mbele zikiteleza dereva huhisi kwenye usukani, naye aweza kupunguza mwendo akalirudisha gari. Za nyuma zikiteleza, mkia huzunguka, na wachache wanaweza kulikamata tena.

Kuhusu bei, tuseme tairi moja inauzwa shilingi 9,000 nayo inakwenda kilomita 30,000, na nyingine shilingi 15,000 ikaenda kilomita 60,000. Ya kwanza imekula senti 30 kila kilomita, ya pili senti 25. Kilomita za tairi zako huwezi kuzijua bila kuandika, kwa hiyo siku ya kufungwa andika namba ya dashibodi katika daftari la shamba, ukurasa ule ule wa mbolea na dawa. Baada ya tairi mbili tatu utakuwa na hesabu yako mwenyewe, ya barabara yako mwenyewe, na muuza duka hataweza kukudanganya.

Na unapolipa, omba risiti iandikwe jina la tairi, kipimo chake, namba ya uzito, na zile namba nne za DOT. Mwenye duka akisema hana nafasi ya kuandika yote hayo, liko duka jingine.