Filme ya virusi, na Ebola ya kweli: wapi vinaachana

Mwaka wa 2002, Mwingereza Danny Boyle alitoa filme ya kutisha, 28 Days Later. Kwa Kifaransa inaitwa 28 jours plus tard. Bei yake ilikuwa karibu dola milioni 8, makuta kidogo kwa sinema ya namna ile. Walitumia kamera ndogo za video, na barabara za London zilifungwa asubuhi mapema, dakika chache tu, ili muji uonekane hauna mtu.

Habari yenyewe ni hii. Watu wanavunja laboratware na kufungulia sokwe wenye virusi. Sokwe anauma mtu, na kwa sekunde chache tu yule mtu anageuka mkali, anarukia wenzake. Kijana Jim anaamka hopitali nyuma ya siku 28, anakuta muji ni mtupu.

Mkaaji wa Malemba-Nkulu akiitazama kwenye telefone, atawaza Ebola, iliyojulikana kwanza Yambuku mwaka wa 1976. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa.

Lakini Ebola haiko sawa na ile ya filme. Inakaa mwilini siku 2 mpaka 21 mbele ya dalili, na siku zile mtu haambukizi mwingine. Ndiyo maana waliogusa mgonjwa wanafuatwa siku 21. Wakikimbia na kujificha, nafasi ya kuwaokoa inapotea. Tena, haipiti kwa hewa: inapita kwa damu, matapishi na maji mengine ya mwili, hata ya maiti.

Kwenye filme, tone moja la damu linammaliza baba mzima, na hakuna anayepona. Hapa kwetu damu ilifanya kinyume. Dawa ya Ebanga ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka wa 1995. Profesa Muyembe alishiriki kazi ile. Kwa Ebola ya aina ya Zaire, kuna pia chanjo ya Ervebo.

Kwa hiyo, mtu akitoka hopitali amepona, afuate mashauri ya waganga. Na sisi tumpe mkono. Yeye si yule wa kwenye filme.