Wanamaji wa Akiba (2): Mkemia na Bomu la Sumaku

Juma lililopita tuliona jinsi Uingereza ilivyogawa akiba yake ya wanamaji mafungu mawili: mabaharia wa meli za biashara upande mmoja, na upande wa pili watu wa nchi kavu waliojitolea kufunzwa nje ya saa za kazi. Hawa wa pili mistari yao ya cheo ilipindwa mfano wa mawimbi, na maafisa wa kudumu hawakukosa la kuwatania. Leo tumtazame mmoja wao.

Charles Goodeve alizaliwa Manitoba, Kanada, mwaka 1904. Alijiunga na akiba akiwa Winnipeg, mji usioijua hata harufu ya bahari. Baadaye akafundisha kemia University College, London, huku akiendelea na utumishi katika akiba ya Uingereza.

Vita vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani walitega mabomu yaliyolala chini kabisa ya bahari, yakilipuka bila kuguswa. Siri ilijulikana Novemba 23 mwaka huo, pale John Ouvry, afisa wa kudumu, alipolifungua moja lililokutwa kwenye tope la Shoeburyness maji yalipokupwa. Meli ya chuma ni sumaku: tangu inapoundwa, chuma chake hunyonya usumaku wa dunia. Ikipita juu ya bomu, sindano iliyo ndani hutikisika na umeme hupita.

Hapo sasa ndipo palipohitaji mtu wa maabara. Goodeve alishiriki kubuni njia ya kuyalipua mabomu hayo kwa vyombo viwili vinavyokwenda sambamba, vikiburuta nyaya zinazoelea na kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi. Kuzilinda meli zenyewe, wengine walizizungushia nyaya za shaba, kazi ya gharama na ya muda mrefu. Yeye akaja na njia nyepesi: waya mmoja mnene wenye umeme mkali uburutwe ubavuni mwa meli, usumaku wake ufutike. Dawa hiyo haikudumu, ilibidi irudiwe kila baada ya miezi, lakini ilikuwa ya haraka. Kabla ya uokoaji wa askari kutoka Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940, meli zipatazo 400 zilitendewa hivyo kwa siku nne.

Kwa maoni yangu, kemia peke yake isingemfikisha huko. Mhadhiri aliyevaa suti angeandika barua wizarani na kungoja jibu. Goodeve alijua sitahani kunavyokwenda, nani apewe taarifa na nani aombwe meli ya majaribio, na alikuwa na cheo cha kumwezesha kuingia.

Baadaye aliongoza idara ya silaha zisizo za kawaida, akiwa na watu kama Nevil Shute, mhandisi wa ndege na mtunzi wa riwaya. Idara hiyo ilitoa mtambo wa kurusha mabomu 24 mbele ya omo, ili manowari isilazimike kupita juu ya nyambizi na kupoteza mlio wake. Ilitoa pia gurudumu kubwa la kuendeshwa na roketi, ambalo kwenye ufuko wa Devon lilikwenda lilikotaka lenyewe na kuwakimbiza waliokuja kulitazama. Halikutumika vitani.

Juma lijalo: akiba ya wanamaji iliyoundwa Mombasa mwaka 1933.